Nilichagua lokesheni kwa macho, mpuliza tarumbeta akaichagua kwa masikio

#1 – Mleta mada

Wakuu, heshima yenu. Uzi huu ni mrefu na nitaupandisha kwa awamu, kwa sababu naandika huku nafungua picha moja moja kwenye kompyuta na kukumbuka kilichotokea.

Wiki mbili zilizopita nilipiga picha za jalada la albamu ya mpuliza tarumbeta, mzee wa miaka sitini na kitu. Sharti lake lilikuwa moja: picha zipigwe mjini, nje, siyo studio. Alisema tuni zote za albamu ile zilimjia akitembea kwa miguu kurudi nyumbani usiku baada ya kazi ya ukumbini. Sasa akae mbele ya pazia jeupe, amdanganye nani? Nilimwelewa, na nikafurahi, kwa sababu mimi kazi za nje ndizo ninazozipenda.

Nikajiandaa kama inavyotakiwa. Siku mbili kabla nilizunguka mjini kwa saa zile zile nilizopanga kupiga, daftari mkononi. Nikachagua sehemu nne: mtaa wa majengo ya vioo ambako jua la jioni linagonga upande mmoja na kurudi upande wa pili, paa la jengo la kuegeshea magari, ngazi ndefu zenye ukuta uliochubuka rangi, na kona moja ya barabara kuu ambayo taa zake zikiwaka mapema unapata bluu ya anga na njano ya taa kwa pamoja. Kila sehemu niliandika mwanga unatoka wapi, unakatika saa ngapi, nisimame wapi. Ratiba ilikaa vizuri sana kwenye karatasi.

Tukaanzia kwenye vioo. Mwanga ulikuwa kama nilivyoutarajia. Mzee akavaa koti lake, akatoa tarumbeta kwenye sanduku, akasimama nilipomwonyesha. Na hapo hapo akakauka. Aliishika ile tarumbeta kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani ghafla: kwa uangalifu, mbali kidogo na mwili. Nikamwambia, "Mzee, weka mdomoni, igiza tu kama unapuliza." Akanitazama kwa upole akasema, "Kijana, kuigiza kupuliza siwezi. Mashavu yanajua."

Nilidhani ni maringo ya wasanii. Nikapiga tatu hivi akiigiza, nikatazama kioo cha nyuma cha kamera, nikaona alichokuwa akisema. Mpulizaji anayepuliza kweli, pembe za mdomo zinakaza, misuli ya shingo inasimama, nyusi zinasogea. Anayeigiza ana uso wa mtu anayekunywa chupa tupu. Mtu yeyote aliyewahi kumwona mpulizaji jukwaani angegundua.

Nikamwomba apige kweli. Akapiga. Lakini magari yalikuwa yanapita mita nne kutoka pale, sauti yake ikawa inamezwa, naye akawa anaongeza nguvu ili ajisikie. Uso ukakunjamana. Picha zote za pale zina sura ya mtu anayebishana na barabara.

Kisha akaja mlinzi wa jengo. Kwa adabu kabisa akatueleza kuwa sehemu ile ya lami, ingawa watu wanapita, ni ya jengo. Tukaondoka.

Naendelea baadaye.

#2 – Mchangiaji

Mkuu shusha nondo, tupo. Swali dogo kabla hujaendelea: huyo mlinzi alikufuata kwa sababu ya kamera au kwa sababu ya vifaa vingine? Mimi nikiwa na kamera shingoni tu sijawahi kuguswa. Siku nikitoa stendi ya taa, dakika tano hazipiti.

#3 – Mleta mada

Mkuu wa #2 umegusa penyewe. Nilikuwa na stendi moja ya taa na mwavuli. Stendi ikikanyaga chini unaonekana umeweka kambi. Unakuwa umeziba njia hata kama hujaziba, na mtu akijikwaa ni lawama yako. Ukishika kamera mkononi wewe ni mpita njia kama wengine. Sheria zinatofautiana mji hadi mji, kwa hiyo cha kwanza ni kuuliza wenye mji na wenye jengo kabla ya siku yenyewe. Nilikuwa nimeuliza kuhusu barabara, sikuuliza kuhusu ule uwanja wa mbele ya jengo kwa sababu nilidhani ni barabara. Majengo makubwa mengi yana eneo la namna hiyo: macho yanakuambia ni pa umma, hati inasema vingine. Mlinzi alikuwa sahihi, sina kinyongo naye.

Tuendelee. Tukapanda kwenye paa. Wakuu, mwanga wa pale siwezi kuueleza. Ilibaki kama nusu saa jua lizame, mji wote chini umekuwa rangi ya shaba, na tarumbeta ni shaba, mnaelewa nilichokuwa nakiona. Nilikuwa nimeiota hiyo picha siku mbili.

Upepo. Sikuwa nimeuandika upepo kwenye daftari.

Upepo wa paani haukuyumbisha tu koti na mwavuli (mwavuli niliufunga mara moja). Uliichukua sauti. Mzee alikuwa akipuliza, na noti ikitoka tu inaondoka, hairudi kwake. Hakuna ukuta, hakuna dari. Nilimwona anasimamisha wimbo katikati, anaanza upya, anasimamisha tena. Alipiga dakika kumi na tano hivi, kisha akashusha tarumbeta akaniambia kitu ambacho nilitakiwa kumuuliza kabla ya siku hiyo: "Midomo ni msuli, kijana. Nina kama nusu saa iliyobaki leo. Chagua utaitumia wapi."

Hilo nalirudia kwa yeyote anayepanga kupiga picha na wapuliza ala za shaba. Sauti ya tarumbeta inaanzia kwenye midomo yenyewe: inabanwa kwenye kijikombe cha kupulizia na kutetemeshwa na pumzi. Ikichoka imechoka, hakuna cha kuilazimisha. Mpiga kinanda unaweza kumwomba saa nne. Huyu nilimtumia nusu ya pumzi yake kwenye sehemu mbili ambazo hazikumfaa hata kidogo, kisa nilipenda mwanga.

#4 – Mchangiaji

Mimi ni mpiga gitaa, nimekaa upande wa pili wa lenzi mara kadhaa. Naomba niseme kitu ambacho wapiga picha hamkisikii kwa sababu sisi huwa tunanyamaza.

Mkituambia "shika gitaa, jifanye unapiga", mikono yetu haijui iende wapi. Mkono wa kushoto unajua kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), haujui pozi. Mara ya mwisho nilipigwa picha chini ya daraja la treni. Kila dakika mbili treni inapita, nikawa nasubiri treni badala ya kupiga. Picha zilipotoka watu wakaniambia naonekana mwenye mawazo mazito. Sikuwa na mawazo yoyote, nilikuwa nasikiliza treni.

Huyo mzee wako ana bahati ya umri, ameweza kusema. Kijana mwenye albamu ya kwanza angekaa kimya hadi mwisho.

#5 – Mleta mada

Mkuu wa #4 asante sana kwa hili. Nimelisoma mara mbili.

Sasa nifike penyewe. Tukashuka kwenye paa kuelekea sehemu ya tatu, zile ngazi. Njiani kuna njia ya waenda kwa miguu inayopita chini ya barabara kuu. Handaki la zege, upana kama mita sita, urefu wa mita thelathini hivi, taa za mirija darini, nusu yake hazifanyi kazi. Siku ya kukagua nilipita humo mara nne bila kuinua kichwa. Kwenye daftari langu halimo.

Mzee alikuwa mbele yangu. Alipoingia hatua mbili tatu akasimama. Akapiga kofi moja. Akainamisha kichwa kidogo upande wa kulia, akasubiri. Akapiga kofi la pili. Kisha, bila kuniuliza chochote, akaweka sanduku chini, akalifungua, akatoa tarumbeta, akapuliza noti moja ya chini, ndefu, bila nguvu.

Ile noti ilijaa. Ilitoka ikagusa kuta zote mbili na dari, ikawa nene, na alipoiondoa tarumbeta mdomoni ilikuwa bado ipo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na mtoto alipunguza mwendo. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tukutane siku hiyo, lakini hakutabasamu kwangu, alilitabasamia handaki.

Baadaye nilimuuliza kofi lilikuwa la nini. Akasema kila ukumbi anaoingia hupiga kofi kabla hajafungua sanduku. Kofi linamwambia ukumbi una dari gani na sauti itakaa muda gani. Nikaenda kusoma zaidi nilipofika nyumbani, na hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ili sikio lisikie mwangwi uliojitenga na sauti ya kwanza, unahitaji kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani ukuta uwe mbali angalau mita 17. Kuta za mita sita zinarudisha sauti haraka mno, kwa hiyo husikii noti ya pili, unasikia noti ile ile ikirefuka. Na zege linaimeza sauti kidogo sana, karibu yote linairudisha. Ndiyo maana noti laini ilitosha. Hakuhitaji kubishana na kitu.

Mabega yalishuka. Viwiko vilifunguka kidogo kutoka mbavuni. Nilikuwa sijamwambia neno.

#6 – Mchangiaji

Mleta mada simulizi ni nzuri lakini niruhusu nikupinge kidogo. Picha haina sauti. Anayeshika jalada hasikii handaki wala upepo. Anachoona ni mwanga, umbo na sura. Kama ungekubaliana na mwanamuziki kila anaposikia raha, utaishia kupiga picha chooni kwa sababu ndiko sauti inakojaa. Kazi ya kuchagua lokesheni ni ya mpiga picha, na kazi hiyo ni ya macho. Halafu handaki lenye taa mbovu lina mwanga gani wa kupigia jalada?

#7 – Mleta mada

Mkuu wa #6, hoja yako ni ya haki na ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wakati nimesimama pale. Niliangalia saa. Jua lilikuwa linaondoka na ngazi zangu zilikuwa zinanisubiri. Nilikuwa nataka kumwambia, "Mzee, tuwahi." Nashukuru sikufungua mdomo.

Nikujibu la mwanga kwanza kwa sababu ndilo jepesi. Handaki katikati ni baya kweli. Lakini mdomo wa handaki ni dirisha. Fikiria dirisha la upana wa mita sita na urefu wa mita tatu, linatazama anga ambalo jua lake limejificha nyuma ya majengo. Mwanga laini, mkubwa, unaoingia kutoka upande mmoja tu. Nyuma ya mtu kuna giza linaloongezeka taratibu, hakuna matangazo, hakuna magari, hakuna nguzo inayoota kichwani. Wapiga picha tunalipia taa kubwa na vitambaa vyeusi ili tupate hicho hicho.

Mzee akiwa hatua mbili ndani nilipata tundu la lenzi f/2.8, kasi ya shata 1/250 ya sekunde, ISO 800 (ISO ni wepesi wa kamera kupokea mwanga). Alipojisogeza hatua kumi ndani kwa tundu na kasi ile ile, kamera ilidai ISO 6400. Yaani mwanga ulishuka mara nane ndani ya hatua nane. Kwa hiyo nilikuwa na uwezo wa kuamua giza kiasi gani kwa kumwomba asogee hatua moja tu. Wala sikugusa stendi.

Kosa nililofanya: alipoingia ndani zaidi nikapandisha kasi hadi 1/500 nikitaka vidole vyake vitulie, na picha zikaanza kuja na mistari ya giza iliyolala. Ni zile taa za mirija. Umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde unaipepesa taa ya namna ile mara 100 kwa sekunde, na kwenye nchi za mizunguko 60 ni mara 120. Jicho halioni, shata ya haraka inaona. Nikashuka hadi 1/100 mistari ikaondoka. Kwa kasi hiyo vidole vikaanza kublari (kuonekana kama ukungu) kwenye vitufe, uso umetulia. Nilipoiona hiyo kwenye kioo nilijua sitarudi tena 1/500 hata kama taa zote zingezimwa.

Sasa la sauti. Ni kweli picha haisikiki. Lakini mwili wa mwanamuziki unasikia, na picha ni ya mwili huo. Shingo, mabega, kope, vidole, vyote vinafuata sikio lake. Nimeziweka picha za vioo na za handaki pembeni kwa pembeni nikamwonyesha mtu asiyejua chochote kuhusu siku ile. Akauliza kama ni ndugu wawili.

Kuna mtu wa kumbukumbu hapa. Francis Wolff wa Blue Note, kampuni ya kurekodi jazi, ambaye picha zake ziko kwenye majalada mengi ya jazi ya miaka ya 1950 na 1960, alipiga sehemu kubwa ya picha zile studioni wakati wanamuziki wanafanya mazoezi na kurekodi. Aliwakuta kazini. Nilikuwa naijua habari hiyo miaka mingi na bado nilimwambia mzee aigize.

#8 – Mchangiaji

Hapo kwenye kurekodi nakuunga mkono, ila usisahau kuna picha kubwa za wanamuziki mjini ambazo hakuna aliyekuwa anapiga ala yoyote. Mpiga picha Art Kane mwaka 1958 alikusanya wanajazi 57 kwenye ngazi za nyumba mtaa wa 126 Harlem, New York, asubuhi saa nne, watu ambao usiku walikuwa kazini. Hakuna muziki pale, kuna watu wanaosalimiana. Count Basie, kiongozi wa bendi, alichoka kusimama akakaa ukingoni mwa barabara na watoto wa mtaa wakapanga mstari pembeni yake, na wamo kwenye picha.

Na ile ya jalada la The Beatles kwenye kivuko cha Abbey Road London, tarehe 8 Agosti 1969. Mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, polisi akasimamisha magari, akapiga picha sita. Sita tu, wakuu. Walikuwa wanatembea.

Kwa hiyo siyo lazima apige. Inabidi awe anafanya kitu cha kweli.

#9 – Mleta mada

Mkuu wa #8 umelisema vizuri kuliko mimi. Kutembea ni kitu cha kweli, kusalimiana ni kitu cha kweli. Mzee wangu kitu chake cha kweli kilikuwa kusikiliza. Nami mahali pa kusikiliza nilikuwa sijampa hadi alipopatafuta mwenyewe.

Kuhusu idadi: jumla nilipiga 612. Mia tatu na kitu ni za vioo na paa. Kwenye orodha ya mwisho hakuna hata moja ya hizo.

#10 – Mchangiaji

Mkuu tunaomba la tarumbeta yenyewe. Mimi napiga sana picha za bendi za shaba na kila mara naona taswira yangu kwenye ala. Nimenunua kichujio cha polaraizi, sioni tofauti. Unafanyaje?

#11 – Mleta mada

Hilo limenitesa pia, na kichujio chako si kibovu. Polaraizi inakata mng'ao wa maji, kioo, majani, rangi ya ukutani. Kwenye chuma kilichong'arishwa haifanyi kazi kwa namna hiyo, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye chuma haupangiki vile. Kwa hiyo kwenye shaba usiitegemee.

Ichukulie tarumbeta kama kioo kilichokunjwa. Kila kitu kilichopo mbele yake kimo ndani yake, kimepunguzwa. Hapo kwenye vioo nilikuwa nimevaa shati jeupe, na kwenye picha zote kuna nukta nyeupe kwenye mdomo mpana wa tarumbeta. Ukiikuza ni mimi, mikono imeinuka usoni. Flashi nayo inaacha doa lililoungua ambalo hakuna uhariri unaolirudisha.

Kwenye handaki mambo yalijitengeneza. Tarumbeta ilikuwa inatazama nje, kwa hiyo ilichokiona ni lile dirisha kubwa la anga: mstari mmoja mrefu wa fedha unaopita juu ya bomba lote hadi ukingoni. Upande wa pili iliona giza la handaki, ikawa nyeusi. Mstari na giza ndivyo vinavyolipa bomba umbo. Mimi nikavaa koti langu jeusi juu ya shati, nikasimama kando kidogo ya mhimili wa tarumbeta, nikiegemea ukuta wa kushoto. Nukta ikapotea. Ukilazimika kutumia taa, iwe kubwa na ikae pembeni, maana ala itaonyesha umbo la taa yenyewe. Mwavuli unaonekana mwavuli, na mbavu zake zote.

Lingine: usiipanguse ala ya mtu bila ruhusa. Nilitoa kitambaa nikitaka kufuta alama za vidole, mzee akanizuia. Pale mkono wake wa kushoto unaposhikia, rangi ya juu imelika, shaba imekuwa ya kahawia yenye madoa ya waridi. Miaka ya jasho lake. Alisema, "Hiyo usiifute, hiyo ni mimi." Nikapiga picha ya sehemu hiyo peke yake, kwa lenzi ya milimita 85, kutoka karibu kadiri fokasi ilivyoruhusu. Itakaa ndani ya jalada.

#12 – Mchangiaji

Kwenye malipo na haki za picha mlikubaliana vipi? Wengi wetu tunaumizwa hapo, picha ya jalada unaikuta kwenye fulana.

#13 – Mleta mada

Tuliandika kabla. Ukurasa mmoja tu: picha zipi ni za jalada, zipi za matangazo, zitatumika kwa muda gani, jina langu litaandikwa wapi, na kwamba matumizi mengine yoyote tunakaa tena mezani. Sahihi mbili. Na nilimwandikia pia kwamba hakuna picha yake nitakayoiweka hadharani kabla hajaiona. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya alegee siku ya kwanza tulipokutana, naamini hivyo.

Kitaalamu, kumbukeni jalada ni mraba. Majukwaa ya kusikilizia muziki huomba picha ya pikseli 3000 kwa 3000, na wasikilizaji wengi wataiona ikiwa ndogo kama kucha kwenye simu. Kwa hiyo nilipiga nikiacha nafasi pande zote, na kila usiku nilikuwa naipunguza picha hadi ukubwa wa kucha kuona kama bado inasema kitu. Picha ya paani, ile niliyoiota, ikipunguzwa inakuwa machungwa tu. Ya handaki inabaki: uso, mstari wa fedha, giza.

#14 – Mchangiaji (yule wa #6)

Nimerudi. Sijakubali yote lakini kesho nina kazi na mwimbaji, nitamwomba aimbe kidogo kila sehemu kabla sijafungua begi. Nitawaletea mrejesho. Ila tuambie, picha gani ilichaguliwa? Umetuzungusha sana mkuu.

#15 – Mleta mada

Kila la heri kesho mkuu, tunausubiri huo mrejesho.

Niliyoipenda mimi ni aliyoinua tarumbeta, macho amefumba, mstari wa fedha umekaa sawasawa, vidole vimeblari. Niliiweka ya kwanza kwenye faili nililompelekea na nilikuwa na hakika. Alizipitia zote kwenye meza yake, taratibu, kama anayesoma barua. Hiyo akaipita. Akasimama kwenye moja ya mwishoni kabisa.

Lazima nieleze ilivyotokea. Midomo yake ilikuwa imefika mwisho. Alipiga kipande cha polepole, akamaliza, akashusha tarumbeta. Sauti bado ilikuwa inazunguka mle ndani. Alibonyeza kile kitufe kidogo cha kutolea maji, kilichopo kwenye mkunjo wa bomba la mbele. Wengi wanadhani ni mate, ila sehemu kubwa ni mvuke wa pumzi uliopoa kwenye chuma ukawa maji. Akapuliza hewa bila noti, maji yakatoka. Na wakati huo huo kichwa chake kimeinama upande wa kulia, vilevile kama alivyokiinamisha baada ya kofi la kwanza, anaisikiliza noti yake ikiisha. Nilikuwa nimeshaanza kushusha kamera. Nilipiga moja tu, bila kuipanga.

Nilikuwa nimeiacha ndani ya faili kwa sababu ya ile mikunjo ya koti, siyo kwa sababu nyingine. Mzee akaiwekea kidole. "Hii," akasema. "Hapa bado naisikia."

Ndiyo jalada. Nimeiacha ilivyo, sijaondoa hata mrija uliokufa darini. Ukiikuza upande wa chini, kati ya bomba na sakafu utaona kistari cheupe, kifupi, cha sentimita chache. Ni lile tone. Kwa kasi ya 1/100 halikuwahi kuganda.